Namba yako ya simu ndo inatafutwa: wizi wa mtandaoni unavyotupiga nyumbani na dukani

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja Fulani." Kila Mtanzania mwenye simu kashaipata hii meseji, wengine mara kadhaa kwa wiki, na wengi tunaicheka, tunaifuta, tunaendelea na mambo yetu. Ila ukiitazama vizuri utaona aliyeiandika si mjinga hata kidogo. Kwanza haitaji jina lako, haisemi hela gani wala ya nini, maana yeye mwenyewe hajui, kaitupa kwa mamia ya namba kwa bando la meseji la bei ya chai na andazi, na katika hao mamia lazima kuna mtu ambaye dakika hiyohiyo anasubiri kutumiwa namba na fundi, au na baba mwenye nyumba, au na mtoto aliyeko chuo. Huyo mmoja akiingia, bando limelipa.

Halafu ile sehemu ya "jina litakuja Fulani", hapo ndo penye akili yenyewe. Ukituma hela kwa simu, kabla hujamalizia na namba ya siri, menyu inakuonyesha jina la mpokeaji, na kile ndo kizuizi cha mwisho, sehemu ambayo mtu anaweza kushtuka akasema ah, huyu mbona simjui. Sasa jamaa anakuandaa kabisa kwamba jina litakuwa geni, usishangae. Kwa maneno matatu kafuta ulinzi ambao kampuni ya simu imeujenga kwa mamilioni. Hakugusa mtambo wowote, kakugusa wewe.

Nimeanza na hiyo kwa sababu watu wakisikia usalama wa mtandao wanawaza kijana kavaa kofia yuko gizani anaandika vitu vya kijani kwenye kioo. Wapo hao. Lakini kwa familia na biashara za kwetu wizi mwingi unazunguka kwenye kitu kimoja ambacho hatukioni kama mali, namba ya simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya 2007 na ikaja Tanzania 2008 namba ikawa akaunti ya hela, baadaye WhatsApp ikajisajili kwa namba hiyohiyo, imeili ukisahau paswedi inakutumia meseji kwenye namba hiyohiyo, benki nayo ikaweka huduma ya simu humohumo, na namba yenyewe imefungwa na kitambulisho chako cha NIDA. Kwa hiyo anayeishika namba yako hata kwa nusu saa anaweza kufungua mlango mmoja baada ya mwingine, na ukishaelewa hilo aina nyingi za utapeli zinaacha kuwa mafumbo.

Laini inavyohamishwa ukiwa nayo mkononi

Watu wengi wanadhani namba yao imo ndani ya kile kipande cha plastiki. Haimo. Ndani ya laini kuna utambulisho wa laini yenyewe na ufunguo wake wa siri, halafu kule kwenye mitambo ya kampuni kuna kumbukumbu inayosema namba fulani sasa hivi iko kwenye laini fulani. Ukipoteza simu ukaenda ku-renew, kinachofanyika ni hiyo kumbukumbu kubadilishwa, laini mpya inapokea namba, ya zamani inakufa palepale. Ni huduma nzuri na ya lazima. Tatizo ni pale anapoenda mtu mwingine akajifanya wewe, au akawa na mtu wake ndani, namba inahamia kwake wakati wewe simu unayo mfukoni na wala hujui kinachoendelea.

Dalili yake ni moja na watu huwa wanaidharau: simu inapoteza mtandao ghafla mahali ambapo siku zote mtandao upo, na wenzako wa kampuni hiyohiyo wanapiga kama kawaida. Unazima, unawasha, unatoa laini unapuliza, bado. Hapo usisubiri kesho. Chukua simu ya mtu piga huduma kwa wateja waambie wafunge laini na akaunti ya hela, kisha na benki, ndo uanze kuuliza nini kimetokea.

Tanzania usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019 na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020, na kweli umebana sana ule mchezo wa kusajili kwa kitambulisho cha kuokota. Ila wapigaji hawakulala. Unamkuta kijana wa kusajili kakaa chini ya mwamvuli stendi, unaweka kidole anakwambia "hakijasoma mzee, weka tena", unaweka, "jaribu hiki kingine", unaweka. Wewe unajua umesajili laini moja, kumbe kidole cha pili kimesajili nyingine kwa jina lako, na hiyo ndo itakayokuja kutumika kutapelia watu huko, siku polisi wakifuatilia jina linaloonekana ni lako. Ndo maana ile *106# si ya kupuuza, ukipiga unaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukiona usiyoijua nenda kwenye duka la kampuni husika wakaifute. Ni dakika moja, fanya sasa hivi halafu urudi kusoma.

Kuna na njia ya shamba zaidi ambayo naona haisemwi vya kutosha. Simu ikikwapuliwa na bodaboda, wewe akili yote inaenda kwenye simu, bei yake, picha zako. Mwizi anayejua kazi simu iliyofungwa haimsumbui, anatoa laini anaichomeka kwenye kiswaswadu chake na tayari meseji zote za uthibitisho zinaingia kwake. Dawa yake ni PIN ya laini, ipo kwenye mipangilio ya usalama ya simu, ukiiweka basi laini ikihamishiwa simu nyingine inadai hiyo PIN kwanza, akikosea mara tatu inajifunga inataka PUK, yaani ile namba ya kufungulia laini. Sijui kwa nini watu hawaitumii. Wanafunga skrini kwa uso, kwa kidole, kwa mchoro, laini yenyewe wameiacha wazi.

Namba sita

WhatsApp inaibiwa kirahisi mno na wanaoibiwa wengi si wazembe, ni watu wenye adabu tu. Tapeli anaingiza namba yako kwenye simu yake, WhatsApp inatuma namba sita za uthibitisho kwa mwenye laini, yaani kwako. Anachokosa ni hizo sita tu. Sasa anapiga:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama samahani, mimi natokea kwenye kikundi, tunahamishia watu kwenye grupu jipya, kuna namba zimeingia hapo kwenye simu yako hebu nisomee nikuunganishe, wenzako wote wameshaingia umebaki wewe."

Mama anasoma. Kwa nini asisome, kijana kamsalimia vizuri, kikundi kweli anacho, meseji kweli imeingia, na lile onyo kwamba usimpe mtu namba hizi kwenye simu nyingi linakuja kwa Kiingereza. Baada ya sekunde chache WhatsApp yake inamtoa nje, na ndugu, majirani na wanakikundi wanaanza kupokea "habari, nimekwama kidogo naomba laki mbili jioni nakurudishia", ikiwa na picha yake na jina lake. Wanaotuma wanatuma kwa kumheshimu yeye. Halafu tapeli anachukua mtu wa pili humohumo kwenye grupu, safari hii hana haja hata ya kupiga, anaandika tu kupitia akaunti ya mama "nimekutumia namba kwa bahati mbaya naomba unirushie".

Kuna toleo jingine halihitaji hata usome namba. Anakwambia ili kupokea zawadi au kurekebisha mtandao piga nyota ishirini na moja nyota, halafu namba anayokupa, halafu reli. Ukipiga umeziamuru simu zote zinazokuja kwako ziende kwake, basi anaiomba WhatsApp impigie badala ya kutuma meseji, ile sauti inayotaja namba inamwendea yeye. Kujua kama umefanyiwa piga *#21#, kufuta kila aina ya uhamisho wa simu piga ##002#. Hizi zinafanya kazi kwenye mitandao mingi maana ni za mfumo wa simu wenyewe, si za kampuni moja.

Kinga ya WhatsApp ipo ndani yake, mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, unaweka PIN yako ya tarakimu sita, ukiishaweka hata mtu akipata zile namba za meseji bado atakwama kwenye PIN. Na kama tayari umeibiwa usikae kulia, sajili tena namba yako papohapo kwenye simu yako, ukiweka namba mpya za meseji yeye anatolewa hata kama kaweka PIN yake, ingawa hiyo PIN kama huijui itabidi usubiri siku 7 ndo uingie kamili. Wakati huo piga simu za kawaida kwa watu, si status, simu, anza na wale wenye hela na huruma maana ndo anaoanza nao yeye.

Hao wanaotumia GB na FM WhatsApp, yale matoleo ya WhatsApp yaliyochezewa na watu wengine, kwa sababu ya kuona status zilizofutwa nawaomba wafikirie upya. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya kupambana na virusi vya kompyuta, walikuta kirusi cha Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, kirusi kinachoshusha vingine nyuma yake na kuweza kusoma meseji zako. Yaani umempa mtu usiyemjua asome meseji za uthibitisho bila hata kukupigia simu.

Dukani ni hadithi nyingine

Kwa wakala na mwenye duka mchezo wa kila siku ni muamala feki. Mteja anakuja saa ya msongamano, anachukua mzigo, anasema nimelipa, na kweli kwenye simu yako inaingia meseji ina kumbukumbu namba, kiasi, jina, salio jipya, kila kitu. Ukiangalia juu utakuta imetoka kwa namba ya kawaida ya simu, wakati meseji ya kweli inakuja kwa jina la huduma. Lakini usitegemee hilo peke yake kwa sababu jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa. Kinachosema ukweli ni salio, na salio uliloingia mwenyewe kuliangalia, *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, au menyu yoyote unayotumia. Meseji inaweza kuandikwa na yeyote, salio linaandikwa na mtambo. Na skrinshoti ya mteja wala usiihesabu.

Pacha wake ni ile ya "nimekosea kutuma". Inaingia meseji ya laki na nusu, dakika mbili mbele anapiga mtu analia, mtoto yupo hospitali, nilikuwa natuma kwa daktari, nakuomba kaka nirudishie. Mara nyingi hela haikuingia kabisa, ukirudisha unatoa yako. Na hata kama imeingia kweli usirudishe kwa mkono wako, mwambie apige huduma kwa wateja aombe muamala urudishwe, kwa Kenya mteja wa Safaricom anatuma ile meseji kwenda 456. Sababu ni rahisi, ukimrudishia mwenyewe halafu naye akaomba muamala wa kwanza urudishwe unalipa mara mbili. Muungwana wa kweli hatakasirika kuambiwa hivyo.

Kitu kingine cha dukani ambacho hakionekani kama hatari ni lile daftari. Bado lipo kwa mawakala wengine, limefunguliwa juu ya kaunta, limeandikwa jina, namba ya simu, kiasi, namba ya kitambulisho, na mteja anayefuata anaandika chini ya aliyetangulia. Anayesubiri na simu mkononi anaweza kupiga picha ukurasa mzima. Kesho yake mtu anapigiwa "habari za leo, jana ulitoa laki nne kwa wakala kwenye saa kumi hivi, kuna tatizo limetokea kwenye muamala wako", na aliyepigiwa anaamini kabisa ni kampuni, maana nani mwingine angejua? Ukiwa na biashara inayokusanya vitambulisho vya watu, gesti, shule, saluni, wakala, jua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, zile kopi za NIDA zilizojaa kwenye droo si karatasi tu tena.

Sasa biashara ikikua kidogo, ikaanza kuagiza mzigo nje, hapo hela inayoweza kuondoka kwa siku moja ni ya mwaka mzima. Chukua mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua Guangzhou. Mawasiliano yote ni imeili na WeChat, invoisi inakuja, analipa asilimia kidogo ya kuanzia, mzigo ukiwa tayari analipa iliyobaki. Mwizi anafanya hivi: kwanza anapata paswedi ya imeili ya upande mmoja, mara nyingi kwa linki ya uongo inayokuleta kwenye ukurasa unaofanana na wa kuingilia imeili. Akishaingia hafanyi fujo yoyote. Anakaa. Anasoma wiki, anasoma mwezi, anajua mnavyoitana, anajua mzigo gani, anajua tarehe ya malipo, na anaweza kuweka amri ndani ya imeili kwamba meseji zote zenye neno invoisi zijifiche kwenye folda ambayo mwenyewe hafungui. Siku ya kulipa inakuja imeili nzuri tu, lugha ileile, nembo ileile, mwendelezo wa mazungumzo yaleyale, ila kuna sentensi moja: tumebadilisha akaunti kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu, tafadhali lipa kwenye hii. Anwani ya mtumaji imetofautiana herufi moja, r na n zimekaa pamoja zikaonekana kama m. Nani ataliona hilo kwenye kioo cha simu saa mbili usiku?

Na usifikiri hili ni la wasiosoma. Kati ya 2013 na 2015 Mlithuania mmoja, Evaldas Rimasauskas, alijifanya ni kampuni ya Quanta ya Taiwan ambayo kweli iliwauzia vifaa Facebook na Google, akawatumia invoisi, na wakalipa, Facebook karibu dola milioni 99 na Google kama milioni 23. Alihukumiwa miaka mitano huko New York mwishoni mwa 2019. Ripoti ya FBI ya makosa ya mtandao ya mwaka 2023 ilihesabu hasara ya aina hii ya imeili za biashara kuwa zaidi ya dola bilioni 2.9, wakati ile ya virusi vya kufunga mafaili ambayo ndo tunaisikia kwenye habari ilikuwa chini ya milioni 60 kwa walioripoti. Kweli wengi wa hao wa pili hawaripoti, na muda wa biashara kusimama haumo kwenye hesabu, lakini pengo bado ni kubwa.

Kinga yake haihitaji programu ya kununua. Akaunti ya mpokeaji ikibadilika, hela haitoki mpaka mtu apige simu kwa namba ya zamani mliyoizoea, siyo iliyoandikwa kwenye hiyo imeili, na aongee na mtu anayemjua. Sauti nayo siku hizi ina mushkeli. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa fedha wa kampuni ya Uingereza ya Arup huko Hong Kong alipata imeili akaitilia shaka, akaalikwa kwenye kikao cha video, akamkuta mkuu wa fedha na wenzake, akatulia, akatuma kama dola milioni 25 kwa miamala 15. Wote kwenye kile kikao walikuwa wametengenezwa na kompyuta. Ndo maana nasema wewe piga, kwa namba yako, kwa muda wako. Ukipigiwa umeshachelewa. Na bosi mwenyewe akubali kuulizwa, maana ofisi ambayo mhasibu akimpigia bosi kuhakikisha anafokewa "kwani huniamini?" ndo ofisi itakayoibiwa.

Virusi vya kufunga mafaili nitavipitia haraka. Kinaingia, kinafunga hesabu zako zote, kinaacha ujumbe ulipe ndo upewe ufunguo. Kile kikubwa cha WannaCry kilianza tarehe 12 Mei 2017, kikafika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa, kilidai dola 300 kwa kompyuta. Na apdeti ya kukizuia Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Machi, miezi miwili kabla! Kwetu kompyuta nyingi za ofisini zina Windows ya kukraki na aliyeiweka alizima apdeti makusudi ili isije ikagundulika, halafu mashine hiyohiyo inachomekwa flashi ya kila mteja wa steshenari, zile ambazo folda zote zimegeuka shotikati. Ukiwa na diski ya nje unakopia hesabu zako kila wiki halafu UNAICHOMOA, maana iliyobaki imechomekwa nayo inafungwa, utakuwa umejiondolea kiasi kikubwa cha maumivu.

Paswedi nazo. Kosa si kwamba ni fupi tu, ni kwamba ni moja. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba wizi wa 2012 wa LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na ajira, ulikuwa umebeba imeili na paswedi za watu milioni 117, wezi wanachukua orodha kama hizo wanazijaribu kila mahali, benki, imeili, Facebook, kwa programu inayofanya hivyo usiku kucha. Bomba la mafuta la Colonial la Marekani lilisimama Mei 2021 kwa akaunti moja iliyokuwa haitumiki tena, haina uthibitisho wa hatua ya pili, na paswedi yake ilikutwa kwenye orodha ya zilizovuja, wakalipa dola milioni 4.4. Kwa mtu wa kawaida nasema hivi, kama huwezi kubadilisha zote anza na ya imeili peke yake, iwe ndefu na usiitumie popote pengine, kwa sababu nyingine zote zinabadilishiwa humo. Kuiandika kwenye karatasi ukaifungia kabatini si dhambi, mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini kwako.

Nyumbani

Familia inapigwa kupitia hofu na kupitia shida. Ya hofu ni ile simu ya mchana, "wewe ni mzazi wa fulani? Mtoto kaanguka shuleni, tumemkimbiza hospitali, hapa wanadai hela ya vipimo kwanza". Mzazi anatetemeka, anatuma. Jina la mtoto na shule vimetoka wapi? Kwenye picha ya mahafali uliyoipost mwenyewe, na sare imeandikwa jina la shule kifuani. Kaeni mkubaliane na watoto na bibi yao kwamba simu ya dharura ikija unakata, unampigia mwalimu wa darasa kwa namba uliyonayo. Namba ya mwalimu iwepo kwenye simu ya baba, ya mama na ya dada wa nyumbani, maana mara nyingi yeye ndo yupo karibu na simu.

Ya shida ni mikopo ya kwenye simu. Unapakua aplikesheni, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote ya kwenye simu, wewe unataka elfu hamsini ya haraka unakubali kila kitu. Ukichelewa siku mbili wanaanza kuwatumia mkwe wako, bosi wako na mchungaji wako kwamba wewe ni mwizi umekimbia na hela. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha kidijitali bila leseni. Zikifungwa zinarudi kwa jina jingine, kwa hiyo kipimo kizuri kinabaki hiyo ruhusa, mkopeshaji wa halali hana sababu ya kujua namba ya mama mkwe wako.

Na watu wazima wa nyumbani wasifundishwe kwa kutishwa. Ukimwambia mama "usipokee simu usizozijua" hataweza, ana ndugu thelathini wanaobadilisha laini kila mwaka. Mwambie vitu viwili tu: huduma kwa wateja wa mitandao ya Tanzania wanapiga kwa namba 100, wengine wote wanaojiita huduma kwa wateja akate, na namba yoyote inayoingia kwa meseji haisomwi kwa mtu, hata akiwa mwanae. Hasa akiwa mwanae.

Ukishapigwa

Dakika za kwanza ndo zenye hela. Kabla hujampigia mtu yeyote kumweleza, piga 100 wazuie muamala, maana hela ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji kuna uwezekano wa kuishika, ikishatolewa kwa wakala mambo yanakuwa magumu sana, na wapigaji wanatoa haraka au wanaikatakata kwa namba nyingi. Usifute meseji. Kachukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya kesi, polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na kampuni haitakupa taarifa za mtu mwingine bila polisi kuingia. Meseji za utapeli hata ambazo hazijakupata zitume kwenda 15040, wanazitumia kuzifungia namba husika. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, zimekuwa zikiitaja Rukwa na Morogoro juu kwa majaribio ya utapeli wa simu, na hesabu kama hizo haziwezi kutoka kwa meseji tulizozifuta.

Na usione aibu kusema. Kuna mtapeli wa pili anayekuja baada ya wa kwanza, anayejitangaza kwamba anaweza kurudisha hela zilizoibiwa mtandaoni kwa ada ndogo ya kuanzia, huyu anaishi kwa watu walionyamaza.

La mwisho ni laini za zamani. Ile uliyoitupa ukahamia mtandao mwingine, baada ya miezi kadhaa bila kutumika kampuni inaweza kuiuza namba hiyo kwa mtu mwingine kabisa, bila kosa lolote. Kama benki yako, imeili yako na Facebook yako bado vinaitambua namba ile, zile meseji za kubadilisha paswedi zinamwendea huyo mgeni. Ingia kwenye kila akaunti toa namba ya zamani weka ya sasa, benki inaweza kukutaka ufike tawini na kitambulisho, nenda. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha namba, itumie kabla hujaiacha laini ya zamani, si baada ya hapo.